Mwaka wa Kanisa Ufundishwe Pamoja na Mwaka wa Mkulima

Katika vipindi vya dini, mafundisho juu ya mwaka wa Kanisa mara nyingi huishia ubaoni. Mwalimu huandika Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka na Kipindi cha Kawaida. Watoto hukariri majina hayo pamoja na rangi zake. Jaribio likipita, yote husahauliwa. Maoni yangu ni kwamba somo hili lijengwe juu ya mwaka ambao mtoto wa Shinyanga anaujua tayari, yaani mwaka wa mkulima.

Tuchukue mfano wa Ngokolo, mahali lilipo Kanisa Kuu la Jimbo la Shinyanga. Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Noeli, wakati mvua za kwanza zinapongojewa au zimekwisha anza, na mbegu za mahindi na pamba zinatiwa ardhini. Mtoto aliyewaona wazazi wake wakitazama mawingu hahitaji maelezo marefu juu ya kungoja kwa matumaini. Picha za theluji zilizomo katika kadi za Noeli hazitamsaidia.

Pasaka nayo hufuata mwezi. Kwa hesabu ya Kanisa, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Watoto na wauchore mwezi jioni hadi jioni, wajionee wenyewe kwa nini tarehe hubadilika.

Lakini Kwaresima yahitaji uangalifu zaidi. Siku hizo 40 huja wakati akiba ya chakula imepungua katika nyumba nyingi na mavuno mapya hayajafika. Darasani yumo mtoto ambaye hakula asubuhi, si kwa toba bali kwa kukosa. Mwalimu akimsifu mwenzake aliyefunga, huyu atajifunza nini? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haiwadai watoto hao kufunga: kujinyima nyama huwapasa waliotimiza miaka 14, na kufunga huwapasa waliotimiza miaka 18. Shuleni, basi, Kwaresima ifundishwe hasa kwa matendo ya huruma: kugawana viazi vya mapumziko, kumtekea maji bibi mgonjwa, kumsaidia jirani palizi.

Kifaa cha kufundishia ni rahisi. Chora duara mbili katika karatasi moja, ya nje ikiwa na kazi za shamba kila mwezi, ya ndani vipindi vya Kanisa. Watoto wenyewe wajaze na kupaka rangi. Wataona kwamba kijani cha Kipindi cha Kawaida ndicho kinachochukua sehemu kubwa zaidi, na mavuno yamo humo. Hilo nalo ni fundisho: imani, kama shamba, hutunzwa hasa katika siku zisizo na sherehe.