Jua la Kifuani



Mpwa wangu aliporejea kutoka Marekani aliniletea beji ndogo ya kuvaliwa kwenye ukosi wa koti, yenye sura ya jua. Imebuniwa kutokana na nembo ya kale ya gazeti la The Sun la New York, na wapo wanaozikusanya beji kama hizi mfano wa wakusanyao stempu. Niliivaa Ijumaa juu ya kanzu, nikajiona nimependeza.

Gazeti hilo lilianzishwa na Benjamin Day mwaka 1833. Liliuzwa senti 1 wakati magazeti mengine ya mji huo yakiuzwa senti 6, hata kibarua akaweza kulinunua. Wito wake ulikuwa kwamba jua huwaangazia watu wote.

Lakini mwaka 1835 gazeti hilohilo lilichapisha makala 6 zikidai kuwa mwanafalaki John Herschel, aliyekuwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, ameona mwezini viumbe wenye mbawa za popo. Ulikuwa uzushi mtupu, nao wengi waliusadiki.

Nilipokuwa nikiyasimulia hayo nyumbani, binti yangu aliniuliza kwa adabu, "Baba, na ule ujumbe wa msiba je?"

Nikainamisha kichwa. Siku za nyuma niliipokea katika simu habari ya kifo cha mzee wa mtaa wetu, nikaisambaza kabla ya kuuliza. Kumbe mzee yu hai. Dada yake aliyeko Malindi alikesha akilia, akapanda matatu alfajiri kuja mazikoni. Nilimwendea kumtaka radhi. Akanisamehe, kisha akasema, "Mwanangu, mimi niliamini kwa kuwa imetoka kwako."

Neno hilo lilinichoma. Aliyeaminiwa akikosea, kosa lake hufika mbali.

Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha tuihakikishe habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Mama zangu na dada zangu, simu iliyo mkononi mwa kila mmoja wetu leo ni gazeti. Habari ya msiba, ya talaka au ya heshima ya mtu ikikufikia, mpigie kwanza mwenyewe au jamaa yake wa karibu. Usipompata, inyamazie.

Beji nimeiweka kando ya simu yangu, iniulize kila ninapotaka kutuma neno.

Wabillahi tawfiq.