Mgeni wa heshima awe nani?

Wazazi wenzangu wa Nakuru, nanyi wanabodi wa shule zetu kutoka Molo hadi Naivasha,

Kadi za siku ya zawadi zitaanza kuchapishwa karibuni, nami nina ombi kuhusu jina linaloandikwa kwa herufi kubwa. Tumezoea kumwalika mwenye gari kubwa. Anachelewa, wanafunzi wanamwimbia juani, anatoa bahasha, anaondoka. Watoto wanaona nani anayesimamiwa.

Enzi za walowezi, mkubwa hapa alikuwa mwenye ardhi: Delamere kule Soysambu, Egerton wa Njoro na kasri lake la mawe. Aliyelima aliitwa skwota. Baada ya uhuru, ndoto ikawa kupata kipande cha ardhi ileile. Watu wa kipato kidogo walichanga shilingi, wakanunua hisa katika kampuni kama Ngwataniro, kisha mashamba makubwa yakagawanywa. Dhuluma hazikukosekana, na mizozo mingine ya ardhi tungali nayo. Hata hivyo navutiwa na kule kuchanga: mtu hakutarajia kufaulu peke yake.

Sauti nyingine ilikuwa imekwisha kusikika. Aprili 1965, mkutanoni Kandara, Mzee Kenyatta alimgeukia Bildad Kaggia, aliyehukumiwa pamoja naye Kapenguria, akamuuliza mbele ya umati amejifanyia nini. Akamtajia wenzao waliokwisha kujijenga, akiwemo Fred Kubai, mbunge wetu wa Nakuru Mashariki. Kaggia alikuwa akidai wasio na ardhi wagawiwe bila malipo. Swali lile bado tunaulizana, harusini na hata matangani.

Kikaja kipindi cha cheti. Egerton, shule ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1939 kwa vijana wa walowezi, ikawa chuo kikuu mwaka 1987, na wazazi wakauza ng'ombe ili mtoto avae joho. Siku hizi joho halihakikishi kazi, na vijana wanataka kuomoka, tena haraka, hata kwa kubeti kwenye simu. Tusiwacheke. Wametusikiliza vizuri mno.

Ila tunaye pia Bruda Peter Tabichi, aliyefundisha hesabu na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro. Sehemu kubwa ya mshahara wake aliitoa kusaidia wanafunzi na jamii. Machi 2019, kule Dubai, alitangazwa mshindi wa tuzo ya kimataifa ya walimu, dola milioni 1. Lakini kazi ile ilikuwa na thamani hata kabla ya Dubai kuitambua. Angeulizwa swali la Kandara mwaka mmoja kabla ya tuzo, angeonyesha nini? Darasa lililojaa.

Basi muhula huu tumwalike muuguzi wa wodi ya wazazi, fundi wa Kaptembwa aliyewafunza vijana kazi bila kuwadai, au mkulima wa viazi wa Molo anayewasomesha watoto wasio wake. Aje bila bahasha. Aketi mbele, apewe maikrofoni, na wanafunzi wamuulize wanachotaka, hata mapato yake. Pesa za basi la shule, ambazo huwa tunazitarajia kwenye bahasha, tuzichange wenyewe, kila mzazi kadiri ya uwezo wake.

Kwenye mkutano ujao wa wazazi, njoo na jina moja kwenye karatasi, na sababu yake. Atakayependekeza mheshimiwa naye tumsikilize, mradi aseme huyo mheshimiwa amewafanyia wengine nini.