Nduthi za umeme: Mbona hesabu ya Nairobi haiingii Kivaa

KIVAA iko katika bonde la Mto Tana, eneobunge la Masinga, Kaunti ya Machakos. Ukitaja mabwawa makubwa ya stima humu nchini unawataja majirani zake: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilianza kazi 1968, Kiambere likafunga orodha 1988, na yote matano kwa pamoja yana uwezo wa kuzalisha karibu megawati 600. Sehemu kubwa ya stima hiyo hupita juu kwa juu kwenye nyaya nene kuelekea Nairobi na miji mingine.

Sasa mtazame mhudumu wa bodaboda wa hapo sokoni. Nduthi yake inakunywa mafuta yaliyonunuliwa Ghuba chini ya mkataba ambao serikali ilitia saini Machi 2023 na kampuni za Aramco, ADNOC na ENOC. Yameshuka melini Mombasa, yakasukumwa kwenye bomba hadi bara, yakapakiwa kwenye lori, na kwa watu wengi wa vijijini yanaishia kuuzwa kwa chupa kando ya barabara, kwa bei ambayo EPRA haiijui wala haiitangazi.

Kama kuna mahali ambapo pikipiki ya umeme ingepaswa kuwa jambo la kawaida, ni hapa. Mbona basi zimejaa Nairobi?

Turudi 2023 kidogo. Julai mwaka huo, VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Oktoba lita moja ya petroli jijini ilikuwa Sh217.36. Wakati huohuo Sheria ya Fedha ilizipunguzia pikipiki za umeme mzigo wa kodi, nayo EPRA ikawa imeweka bei maalumu ya stima ya kuchaji magari na pikipiki: takriban Sh16 kwa uniti mchana na Sh8 saa za usiku ambazo matumizi yako chini, kabla ya ada na kodi nyingine. Agosti, Uber ikaleta bodaboda za umeme Nairobi. Septemba 1, Rais William Ruto akazindua mradi wa pikipiki hizo Mombasa. (Wiki moja tu kabla ya hapo, usiku wa Agosti 25, stima ilikuwa imepotea karibu nchi nzima. Wakenya kwenye mitandao hawakuiacha hiyo ipite bure.)

Serikali ilizungumzia pikipiki 200,000 za umeme barabarani kufikia mwisho wa 2024. Mwaka ukaisha idadi hiyo ikiwa mbali sana. Lakini pia si kweli kwamba hakuna kilichotokea. Ukikaa Ngong Road, Westlands au mtaa wowote wenye kazi nyingi za deliveri, utaziona Roam, Ampersand, Spiro na ARC Ride zikipita kimya kimya hadi mwenda kwa miguu anashtuka. Vijana wamezichukua kwa sababu hesabu inaingia.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua mhudumu wa Nairobi anayepiga kilomita 120 kwa siku. Pikipiki ya kawaida ya petroli ikienda kilomita 40 kwa lita, anahitaji lita tatu. Kwa Sh185 kwa lita, bei iliyozunguka Nairobi nusu ya pili ya 2025, hiyo ni Sh555. Pikipiki ya umeme hutumia takriban uniti nne kwa kilomita 100, kwa hivyo umbali uleule ni kama uniti tano. Hata akichaji kwa bei ya nyumbani, tuseme Sh30 kwa uniti pamoja na kodi, ni Sh150. Amebaki na Sh400 mfukoni. Kama mkopo wake ni Sh450 kwa siku, nduthi inakaribia kujilipia yenyewe. Akibadilisha betri kwenye kituo cha kampuni atalipa zaidi ya hiyo Sh150, kwa sababu kampuni nayo inatafuta chake, lakini bado anaokoa. Tena hakuna oili ya kumwaga, hakuna plagi ya kubadilisha.

Ihamishe hesabu hiyo Kivaa, zaidi ya kilomita 100 kutoka Nairobi. Siku ya soko kazi ipo: magunia ya ndengu na mbaazi, mitungi ya maji, watu watatu kwenye kiti cha wawili (usijifanye hujawahi). Siku ya kawaida kazi ni kidogo. Tuseme amepiga kilomita 40, yaani lita moja, na kwa kuwa ni ya chupa amelipa Sh200. Kwa umeme, na tuongeze kidogo kwa ajili ya mlima na mzigo, angetumia uniti mbili: Sh60. Ameokoa Sh140. Mkopo hauulizi amepiga kilomita ngapi. Unataka Sh450 zake, jua liwake au mvua inyeshe.

Hapo ndipo hadithi ya “umeme ni rahisi” inapokwama. Umeme unamlipa anayekimbia sana. Anayekimbia kidogo anaokoa kidogo, na deni halipungui kwa sababu yeye yuko ushago. Ukitaka kujua kwa nini kampuni zimejazana mijini, usitafute njama. Kituo cha kubadilisha betri kinahitaji nduthi nyingi zinazorudi mara kadhaa kwa siku. Kumi zinazorudi mara moja hazilipi kodi ya chumba.

Hata Rwanda, ambayo hupenda kusifiwa kwenye mada hii, imelijua hilo. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali lazima ziwe za umeme. Kigali. Sheria hiyo haikuanzia vijijini, na walioiandika hawakuwa wajinga.

Kuna jambo la pili ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha, nalo ndilo linaloniogopesha zaidi: mitumba. Nairobi ikihamia umeme, zile Boxer na TVS za petroli zitaenda wapi? Hazitayeyuka. Zitauzwa kwa bei ya kutupa, na mnunuzi atakuwa kijana wa Kivaa, Ekalakala au Ndithini anayetafuta kitu cha kuanzia maisha. Kwa mfuko wake atakuwa amefanya uamuzi sahihi kabisa. Pikipiki mpya, ya petroli au ya umeme, inacheza karibu laki mbili. Hustler Fund, hata ukifika kiwango cha juu kabisa cha mtu binafsi, ni Sh50,000. Nduthi kuukuu inayowaka itashinda kila siku, na fundi wa hapo sokoni anaijua hata akiwa amefumba macho.

Kwa hivyo tunaweza kufika mahali ambapo jiji linapumua hewa safi kwa stima ya Tana, na watu wa Tana wamebaki na moshi wa jiji. Magari tumeshayafanya hivyo na Japani, tunaijua hii filamu.

Nduthi ya umeme ya mtumba haitasaidia pia, kwa sababu ya betri. Kwenye mtindo wa kubadilisha betri, unanunua pikipiki lakini betri inabaki mali ya kampuni. Betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Ukiipeleka hiyo nduthi mahali ambapo kampuni haina kituo, umenunua fremu yenye taa. Na mkataba ukivunjika, au ukikosa malipo, baadhi ya mifumo huzimwa kwa mbali, kama vile simu za mkopo. Wizara ya Uchukuzi ilizindua rasimu ya sera ya usafiri wa umeme Machi 2024. Kama ningeruhusiwa kuchagua kitu kimoja tu cha kuwakaba nacho koo, kingekuwa betri zinazoingiliana, zile za kampuni A ziweze kuingia kwa B. Bila hiyo, soko la vijijini litakuwa la kampuni moja tu, ile itakayotangulia kufika.

Mtindo mwingine upo: betri unayomiliki na kuchaji kwenye soketi ya kawaida, kama ile ya Roam Air, ambayo unaweza kuichomoa ukaingia nayo nyumbani. Kwa Kivaa huu ndio unaeleweka zaidi, mradi stima iwe imefika. Mradi wa Last Mile, tangu 2015, umefikisha nyaya kwenye masoko na nyumba nyingi za Ukambani. Shida ni usiku. Mhudumu wa mjini betri ikiisha anasukuma hadi kituo cha jirani. Wa Kivaa akipigiwa simu saa nane usiku kwamba kuna mama mjamzito wa kufikishwa hospitali Matuu, na betri imebaki theluthi, atasema nini? Mwenye petroli atabisha duka, atapewa chupa, ataondoka. Watu wanaowacheka bodaboda kwa “kuogopa teknolojia” huwa hawajawahi kubeba mtu wa aina hiyo.

Jibu la hilo ni kuwa na betri ya akiba, na betri ya akiba ni ghali kwa mtu mmoja. Kwa watu ishirini si ghali. Hapa ndipo ningependa vijana walioko jijini na wana ndugu steji za ushago wasome taratibu. Karibu kila steji ina kundi la wahudumu lenye mwenyekiti, mweka hazina na daftari la michango. Wanazikana, wanalipiana dhamana, wananunuliana nduthi kwa zamu. Kundi la namna hiyo linaweza kumiliki betri nne au tano za akiba na sehemu ya kuchajia pale sokoni, kisha kutozana ada inayobaki mikononi mwao badala ya kwenda Nairobi.

Si ndoto. Kandokando ya Ziwa Victoria, kampuni ya WeTu imekuwa na vituo vya sola vinavyochaji taa za wavuvi na pikipiki za umeme pamoja, yaani kituo hakitegemei nduthi pekee ili kilipe. Zimbabwe nako, tangu 2019, Mobility for Africa imekuwa ikiwapa wanawake wa vijijini matrela ya magurudumu matatu ya umeme yanayobadilisha betri kwenye vituo vya sola. Yanabeba mboga, maji na wagonjwa. Nikiwaza Kivaa, naona hayo ya magurudumu matatu yakiwa na maana zaidi hata ya nduthi: gunia la ndengu halihitaji mwendo wa kasi, linahitaji mahali pa kukaa bila kumvunja mtu mgongo.

Bado kuna maswali ya pesa. Ile bei ya Sh8 ya usiku, je, kundi la bodaboda likijisajili linaipata, au ni ya kampuni zenye mawakili? Unafuu wa kodi nao si wa kuutegemea. Mswada wa Fedha wa 2024, uliotupwa baada ya Gen Z kumiminika barabarani Juni, ulikuwa unataka kurudisha VAT kwenye pikipiki za umeme na betri. Hakuna sako itakayokopa kununua betri ikiwa bei inaweza kubadilika kila Juni Waziri wa Fedha anaposimama na mkoba wake.

Mwaka 2027 unakuja, na tunajua zitakavyokuwa steji za Masinga: wawaniaji watafika na reflekta, helmeti na bahasha ya mafuta. Lita tano za petroli kwa kila nduthi, picha, na msafara unaondoka. Betri nne za sokoni na paneli za kuzichaji haziwezi kugawanywa siku ya mkutano wa kampeni, na huenda hiyo ndiyo sababu hakuna anayeziahidi.