Mzazi Asiachwe Peke Yake: Ilani ya Akina Mama wa Kisumu Ndogo, Malindi

Sisi akina mama wa Kisumu Ndogo, wenye watoto mgongoni na wenye wajukuu, tumeungana kwa jambo moja. Kuanzia leo, mwanamke wa mtaa huu akirudi nyumbani na mtoto mchanga hataachwa ahangaike na titi lake peke yake. Tutakwenda kwake kabla hajatuita. Tutakaa naye chumbani mpaka mtoto anyonye.

Twajua watu watauliza: kunyonyesha nako kwahitaji harakati? Si jambo la maumbile? Kuzaa pia ni maumbile, na hakuna anayemwacha mwanamke azae peke yake gizani akiweza kumsaidia. Mkunga huitwa, maji hutengwa, majirani huamka. Mtoto akishalia, kila mtu humshukuru Mungu na kurudi kulala, na hapo ndipo shida nyingine huanza bila shahidi.

Mwanamke aliyejifungua salama hospitalini hukaa siku moja hivi. Mtoto huchanjwa, mama hupewa kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kisha hupanda tuktuk akarudi kwake. Chanjo inayofuata ni ya wiki 6. Mwongozo wa serikali wataka mama aonekane tena mapema zaidi, ndani ya wiki 2 za mwanzo, lakini kwa mwenye mshono unaouma, asiye na nauli na asiye na wa kumshikia mtoto, hilo hubaki kwenye karatasi. Katika pengo hilo la wiki 6, kunyonyesha hushika au huvunjika. Sisi twasimama katika pengo hilo.

Tuseme kinachotokea, maana kimenong'onwa vya kutosha. Siku za kwanza titi hutoa dang'a, maziwa mazito ya njano, machache. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto wa siku moja hujaa kwa kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Jirani akichungulia akaona matone tu, hutangaza: huyu hana maziwa. Neno hilo likishasemwa chumbani, halitoki. Siku ya tatu au ya nne maziwa hushuka kwa kishindo. Matiti huwa magumu kama mawe, ngozi hung'aa, mwili huchemka. Chuchu huzama ndani ya uvimbe, mtoto hutafuta, huteleza, hushika ncha tu. Ncha hupasuka. Sasa mtoto akilia, mama hutetemeka kabla hata ya kumwinua. Humpa titi kwa muda mfupi kwa sababu ya uchungu, maziwa hubaki ndani, sehemu moja ya titi huwa nyekundu, na usiku mama hushikwa na homa. Saa nane za usiku, katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi mmoja, kila mpangaji husikia kilio. Mmoja hugonga ukuta. Asubuhi hutumwa mtoto dukani akanunue maziwa ya kopo, au maji hutiwa glukosi, au uji mwepesi huchujwa.

Anayefanya hivyo si mama mbaya. Ni mama aliyeishiwa na watu.

Mwili hutengeneza maziwa kadiri yanavyotoka. Mtoto akishibishwa kwa kitu kingine, titi hubaki limejaa, na titi linalobaki limejaa hupunguza kazi yake. Basi chupa iliyoletwa kwa sababu maziwa ni machache huyafanya yawe machache kweli. Kisha kuna homoni iitwayo oksitosini, ambayo ndiyo husukuma maziwa yatoke. Hofu na maumivu huichelewesha. Mama anayezomewa, anayehesabiwa dakika, anayeambiwa na mavyaa kwamba dada zake hawakuwa hivi, maziwa yake yamo ndani na hayatoki. Mpe kikombe cha uji wa pilipili manga, mkande mgongo, mshikie mtoto dakika chache apumue, umwambie hajakosea, na mara nyingi yatatiririka. Upole wa walio chumbani ni sehemu ya dawa, na hauuzwi dukani.

Bibi zetu walilijua hili bila kulisikia darasani. Ndiyo sababu ya arobaini: mzazi akandwe kwa maji moto, alishwe, asiguse jiko, asiachwe na upweke. Lakini Kisumu Ndogo ni mtaa wa waliotoka mbali. Mama wa aliyejifungua yuko Siaya, au Kitui, au Ganze, na nauli haikupatikana. Mume ana kibarua chake. Yeye mwenyewe ni mama karanga wa kukaanga samaki, au hufua nguo za watu mtaa wa Shella, au hupika mahamri ya alfajiri, na siku asiyofanya kazi ni siku isiyo na unga. Arobaini yake huisha siku ya kumi. Wapo wanaorudi kwenye karai la mafuta wakiwa bado wanavuja damu, na mtoto ameachwa kwa binti wa miaka minane na chupa ya maji ya sukari.

Kuna jambo tunalotaka kulisema waziwazi, ingawa litaudhi wengine. Wengi wetu Wamijikenda tumelelewa tukisikia habari za chirwa: mtoto akikonda, wazazi wamevunja mwiko, mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Wazee waliotufundisha hivyo tunawaheshimu, na uaminifu wa ndoa tunauheshimu. Hata hivyo tumeona mama wa mtoto asiyeongeza uzito akihojiwa kama mshtakiwa huku hakuna hata mmoja aliyeangalia jinsi mtoto anavyoshika titi. Mama wa namna hiyo humficha mtoto. Haendi kliniki, maana kwenda ni kukiri. Tunaweka kanuni: katika mtaa huu, kabla ya kumuuliza mwanamke alilala wapi, mtoto apimwe, kinywa chake kiangaliwe, nepi zake zihesabiwe. Vivyo hivyo kwa wanaosema maziwa yameingiwa na kijicho. Dua isomwe, na mtoto ashikishwe titi. Moja halizuii jingine.

Na tusidanganywe kwamba tatizo ni ujinga wa akina mama. Utafiti wa kitaifa wa 2008–09 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 ilikuwa asilimia 61. Mwaka 2022, asilimia 60. Ujumbe ulifika, tukaupokea, kisha tukagota hapo. Mabango zaidi hayatatuvusha. Katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, Nairobi, watafiti wakiongozwa na Elizabeth Kimani-Murage waliripoti mwaka 2011 kwamba watoto 2 tu katika kila 100 walimaliza miezi 6 bila kupewa kitu kingine. Baadaye wahudumu wa afya ya jamii wakaanza kuwatembelea mama wa mitaa hiyo majumbani, na idadi ikapita nusu. Mitaa ile ni kama wetu: chumba kimoja, maji ya kununua kwa mtungi, kazi ya kutwa. Karibu zaidi na sisi, katika Hospitali ya Kaunti ya Kilifi, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, akiwemo Martha Mwangome, waliwafunza wanawake wa kawaida kukaa wodini na mama wa watoto waliodhoofika wenye umri chini ya miezi 6 na kuwasaidia warudi kunyonyesha. Hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wenye subira waliofundishwa kuangalia. Ikiwa mtoto aliyefika wodini amedhoofika aweza kurudishwa kwenye titi, basi wa siku tatu aliyeko nyumbani Kisumu Ndogo asikatiwe tamaa.

Basi hivi ndivyo tutakavyofanya. Kila nyumba kumi zitakuwa na wanawake wawili, mmoja mwenye umri, mmoja kijana, watakaojua nani ana mimba na nani amejifungua. Watafika ndani ya siku mbili za mama kurudi nyumbani, na watarudi siku ya nne, maana siku hiyo ndiyo ngumu. Hawataingia na hotuba. Wataomba kuona mtoto akinyonya. Kinywa kiwe wazi kabisa, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu nyeusi izungukayo chuchu iwe imeingia, isiwe ncha peke yake. Kukiwa na uchungu unaoendelea, mtoto atolewe kwa kidole kidogo pembeni mwa kinywa, aanzwe tena. Titi likiwa gumu, kitambaa cha maji ya vuguvugu na kukamua kidogo kwa mkono kabla ya kunyonyesha, hadi lilainike, kisha kitambaa baridi baadaye. Mama atafundishwa kusoma nepi: kuanzia siku ya tano, mtoto aliyeshiba hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Ataambiwa kwamba kunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana ni kawaida, na kwamba mtoto anayetaka titi kila mara jioni hathibitishi kuwa mama ni mkavu.

Pia watajua mwisho wa uwezo wao. Mtoto aliyelegea asiyeamka kunyonya, asiyekojoa, mwenye homa, aliyegeuka manjano mwili mzima, hapelekwi kwa jirani. Anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, na nauli itatoka katika chama chetu cha kuchangiana. Mama mwenye homa na titi jekundu linalozidi kuuma pia aende, na asiache kunyonyesha wala kukamua akiwa njiani kupona.

Chama hicho hicho kitamlisha mzazi. Tumezoea kuchangiana kwa ajili ya vyombo, harusi na matanga. Sasa zamu moja ni ya mzazi, ili asirudi kwenye karai kwa sababu ya kilo ya unga. Tunaanza na kidogo tulicho nacho.

Kwa serikali ya Kaunti ya Kilifi: wahudumu wa afya ya jamii mmewaandikisha, wanapita milangoni. Wapewe mafunzo ya kumshikisha mtoto titi, si ya kugawa ujumbe tu, na ziara ya mzazi ndani ya siku mbili iwe katika kazi wanayolipwa. Mizani ya watoto ifike mtaani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inatupa haki ya afya ya kiwango cha juu kinachofikika, na hatuelewi inafikikaje kwa mtu aliye kitandani na mshono.

Kwa waajiri, wenye hoteli za ufuoni kwanza: sheria ya ajira ya 2007 inatoa miezi 3 ya likizo yenye mshahara kamili, na sheria ya afya ya 2017 inawataka mtenge mahali pa kunyonyeshea. Choo si mahali. Na mama wa kibarua, anayeitwa msimu wa wageni na kuachwa msimu ukiisha, naye ana titi na ana mtoto. Msimfute kwa kuwa tu hana barua.

Kwa wenye maduka: tangu 2012 sheria ya nchi imekataza kutangaza maziwa ya kopo na kugawa ya bure. Muuzieni anayehitaji. Msiwe washauri wa mzazi.

Kina baba, hatuwaombi msimame mlangoni. Ingieni. Mwanamume anaweza kuchota maji, kumbeba mtoto baada ya kunyonya, na kuwaambia jamaa zake kwamba mkewe asisemwe. Hilo la mwisho hatuliwezi sisi.

Kuna mama ambao maziwa yao hayatatosha hata wakisaidiwa vipi, walio katika dawa kali, waliopoteza damu nyingi, wenye watoto njiti wasio na nguvu ya kunyonya. Hatutawahukumu. Njiti atabebwa ngozi kwa ngozi kifuani na kupewa maziwa yaliyokamuliwa kwa kikombe. Anayehitaji maziwa ya kopo kwa ushauri wa daktari atafundishwa kuyatayarisha kwa maji yaliyochemka na kuyapima sawasawa bila kuyapunguza nguvu, na atatembelewa sawa na wengine. Mama anayeishi na virusi vya ukimwi ananyonyesha, maziwa pekee miezi 6, huku akimeza dawa zake na mtoto akipewa zake. Asiyejua hilo na anasema vinginevyo mtaani anahatarisha maisha.

Pwani hii imewahi kuona wanawake wakipita kijiji kwa kijiji. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama wampinge Mwingereza, kwa ngoma ya kifudu na kiapo, na serikali ya Mwingereza ikaona heri imhamishie Kisii kuliko kumwacha aendelee kuzunguka. Hakuwa na cheo wala fedha. Alipita nyumba kwa nyumba, na sisi njia tuliyo nayo ni hiyo hiyo.

Kujiunga hakuhitaji kadi. Mwenye dini yoyote, kabila lolote, aliyenyonyesha na asiyewahi kuzaa, aje. Yanatakiwa mambo matatu: uwe tayari kuamka usiku, ukubali kufundishwa hata kama umelea saba, na unachokiona chumbani kwa mzazi, iwe ni dawa zake, ugomvi wake na mumewe au njaa yake, kibaki humo. Atakayekitoa nje hatatumwa tena kwa mzazi yeyote.