Ulemavu wa kudumu usikaguliwe kila mara



Sheria ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu haitatekelezeka bila kuwatambua walengwa, hilo silipingi. Ninachokataa ni kumkagua tena na tena mwenye ulemavu usiopona. Mguu uliokatwa hauoti. Nchini Kenya, kwa mfano, cheti cha msamaha wa kodi kwa wenye ulemavu kimewahi kuwekewa muda. Kilipoisha, mhusika aliomba upya. Hapa Uvira, mafuriko ya Aprili 2020 yalizoa nyumba pamoja na makaratasi yaliyomo, na mwenye baiskeli ya magurudumu matatu atafikaje mjini kukaguliwa upya kutoka kijiji cha Makobola? Mtasema wadanganyifu watapenya. Basi daktari athibitishe mara moja, anayeshukiwa afuatwe kwake, na haki yake iendelee mpaka uamuzi utoke.

Msomaji, Uvira