Maji Katika Sanduku la Vifaranga

Sanduku lako la kutotolea mayai umelitengeneza mwenyewe, na taa yawaka vizuri. Walakini siku ya 21 vifaranga wamekufa ndani ya maganda. Usimlaumu jogoo upesi. Tazama kwanza maji.

Yai hupoteza maji kidogo kidogo. Yakitoka mno, ngozi nyembamba ya ndani hukauka ikamnasa kifaranga. Yakitoka machache, hukosa nafasi ya hewa. Basi pima mayai kabla ya kuyaweka. Mayai 10 yakiwa gramu 500, siku ya 9 yawe kama gramu 470, na siku ya 18 kama 440. Yakizidi uzito, punguza maji. Yakipungua mno, ongeza.

Kuongeza si kujaza bakuli, bali kuweka sahani pana zaidi, kwani mvuke hutoka usoni pa maji.

Siku ya 18 acha kugeuza mayai, ongeza sahani ya maji ya vuguvugu, ufunge. Ila matundu ya hewa usiyazibe. Tena wakataze watoto kufungua ili wachungulie, maana mvuke hutoka mara moja. Kuku mwenyewe hatoki kiotani siku hizo, nawe vumilia.