Kisomo Kinapovuma Nyumbani

Kisomo cha Qurani kinapovuma hadi herufi zikamezana, wengi huilaumu spika. Aghalabu kosa ni la chumba. Chumba cha urefu wa mita 3 hukuza sauti za mitetemo takriban 57 na 114 kwa sekunde, na sauti ya msomaji mwanamume hupita papo hapo. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ichezayo visomo kutoka intaneti, ikiwekewa programu ya bure ya CamillaDSP na chumba kikapimwa kwa maikrofoni, huupunguza mvumo huo. Ama mwangwi wa kuta tupu, dawa yake ni zulia na mapazia. Tuanze na hayo. Tumeamrishwa kuisikiliza Qurani isomwapo. Tutazingatiaje tusichokisikia sawasawa? Wabillahi tawfiq.